Msimuuze Skubal Desemba

Hotuba iliyotolewa mwanzoni mwa Desemba 2025 katika mjadala wa wapenzi wa besiboli wanaozungumza Kiswahili jimboni Michigan. Hoja ya mjadala: Timu ya Detroit Tigers imwachie Tarik Skubal, mrushaji wake nyota, kwa timu nyingine kabla mkataba haujaisha? Mzungumzaji alisimama upande wa kupinga.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, kaka na dada zangu, vijana mlioahidi kuweka simu mfukoni kwa nusu saa, itifaki imezingatiwa.

Kaka yangu aliyenitangulia amenipa kazi ngumu, maana sikuona mahali alipodanganya. Ni kweli Tigers wamebakiza msimu mmoja tu na Skubal. Msimu wa 2026 ukiisha anakuwa mchezaji huru, atafunga mizigo na kwenda anakolipwa. Ni kweli wakala wake ni Scott Boras, na wateja wakubwa wa Boras kwa kawaida hawasaini mapema kwa kuoneana haya. Wanasubiri soko lifunguke. Na soko lenyewe limepaa. Gerrit Cole alipewa dola milioni 324 na Yankees mwaka 2019. Yoshinobu Yamamoto akapewa milioni 325 na Dodgers mwaka 2023, kabla hajarusha hata mpira mmoja katika ligi kuu ya Marekani. Skubal hatataka pungufu ya hapo, na akitaka pungufu apimwe homa.

Basi kaka anahitimisha: aachiwe sasa, wiki hii, wakati viongozi wa timu zote wamekusanyika Orlando kwa mkutano wa mwaka. Tuvune chipukizi watatu, wanne, kuliko kubaki tunapunga mkono uwanja wa ndege.

Hesabu yake naikubali. Tarehe yake ndiyo siikubali.

Wajuzi mniwie radhi, niseme kidogo na wale walioletwa hapa na waume zao, au na harufu ya pilau. Besiboli haina ada ya uhamisho kama kandanda. Simba wakimtaka mchezaji wa Azam, wanafungua pochi. Huku kwa kawaida timu zinabadilishana watu kwa watu: nakupa nyota wangu, unanipa vijana wako wa ligi ndogo ambao nje ya mji wao hakuna anayewajua, halafu mimi naomba Mungu wakue. Kwa hiyo mkisikia "auzwe", eleweni kwamba malipo yake ni matumaini.

La pili, mrushaji nyota, yule anayemrushia mpigaji mpira, hachezi kila siku. Msimu una mechi 162, na mkono wa binadamu hauwezi kurusha kwa nguvu ile jioni mbili mfululizo. Skubal alianza mechi 31 mwaka 2024, akaanza 31 tena mwaka 2025. Mechi nyingine 131 alikaa kwenye kibanda akiwapigia wenzake makofi. Mtu wa mahesabu akiona hivyo anashtuka: yaani mamilioni yote hayo kwa siku moja kati ya tano? Hapo ndipo hoja ya kumuuza inapopatia nguvu. Nitaonyesha kwamba ndipo inapovunjikia pia.

Kwanza tumjue tunayemjadili. Tigers walimchagua raundi ya tisa mwaka 2018, siku timu zinapogawana vijana kwa zamu, kutoka Seattle University, tayari akiwa amefanyiwa upasuaji wa kiwiko. Mwaka 2022 mkono ukapasuliwa tena. Mtu wa namna hiyo wengi humsahau. Mwaka 2024 akashinda mechi 18 na kupoteza 4, akawatoa wapigaji 228 kwa straiki, yaani waliopitwa na mipira mitatu mizuri, akachukua Cy Young, tuzo ya mrushaji bora wa mwaka, bila kura hata moja kupotea. Mwaka 2025 akapanda zaidi: aliruhusu mikimbio, yaani pointi, 2.21 isiyotokana na makosa ya wenzake kwa kila awamu tisa, ambazo ni mechi nzima; wapigaji 241 nje kwa straiki; na waliopewa njia ya bure kwenda beseni la kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji, 33 tu. Akachukua Cy Young tena. Katika American League, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu, mtu wa mwisho kabla yake kuitwaa mara mbili mfululizo alikuwa Pedro Martínez, mwaka 1999 na 2000.

Takwimu zinachosha sikio, kwa hiyo nawapa siku moja tu. Tarehe 25 Mei 2025, Comerica Park, wageni ni Cleveland. Skubal alirusha awamu zote tisa peke yake, jambo ambalo siku hizi ni nadra kama mvua ya Januari. Mipira 94. Wapigaji 13 nje kwa straiki. Hakumpa mtu njia ya bure. Mpira wa mwisho wa mechi, ule wa 94, wakati mkono wa mrushaji mwingine yeyote umeshalegea kama uzi wa mgomba, ulipita kwa maili 102.6 kwa saa, karibu kilomita 165. Ulikuwa mpira wake wa kasi kuliko yote aliyorusha siku ile. Mpigaji aliyekuwa mbele yake, Gabriel Arias, aliupunga upepo na mechi ikaisha.

Sasa turudi kwenye siku moja kati ya tano. Hesabu hiyo ni ya Aprili hadi Septemba. Oktoba, timu zikiingia mtoano, kuna siku za kupumzika katikati ya mechi, mfululizo ni mfupi, na mrushaji wako bora anarudi haraka kilimani, pale anaporushia. Oktoba iliyopita Tigers walicheza mechi nane: tatu na Cleveland, tano na Seattle. Skubal alianza tatu kati ya hizo nane. Siyo moja kati ya tano tena. Inakaribia nusu ya jahazi. Na ukikusanya awamu zake zote za Oktoba ile, aliwatoa wapigaji 36 kwa straiki na kuruhusu mikimbio minne tu.

Wanaopanga thamani ya wachezaji kwa kompyuta hulijua hili, lakini wakishalijua hulichanganya na mechi 162 zote, likayeyuka. Mimi nasema lisimame peke yake. Timu yenye uhakika wa kukosa Oktoba haina haja na mtu kama Skubal, ni pambo. Timu inayoweza kufika Oktoba ikimwachia mtu huyo imeuza kitu ambacho hakuna anayeweza kukirudisha kwa kumpa vijana watatu wazuri.

Mtaniuliza: mbona walitolewa? Ndiyo, wacha tuiangalie ile mechi ya tano Seattle, Ijumaa ya tarehe 10 Oktoba, maana kaka aliigusa akakimbia. Awamu ya pili Josh Naylor akapiga mpira mrefu, akaiba beseni la tatu, Mitch Garver akamrudisha nyumbani. Moja kwa sifuri. Kuanzia hapo Skubal alikasirika. Aliwatoa wapigaji saba mfululizo kwa straiki, kitu ambacho hakijawahi kufanywa na mrushaji yeyote katika mtoano. Awamu ya sita Kerry Carpenter akaupeleka mpira nje ya uwanja na mwenzake akiwa beseni, Tigers wakaongoza 2 kwa 1. Skubal akamaliza awamu ya sita akiwa amerusha mipira 99 na kuwatoa 13. Akaketi.

Mliokesha mnakumbuka. Awamu ya saba warushaji wa akiba wakaingia, Leo Rivas akapiga, ikawa 2 kwa 2. Kisha usiku ukageuka mtihani wa usingizi: awamu ya kumi, ya kumi na mbili, ya kumi na nne, Tigers wanaweka watu kwenye mabeseni na hawawarudishi nyumbani. Awamu ya 15 Jorge Polanco akamaliza kazi. Seattle 3, Detroit 2.

Nani alishindwa usiku ule? Aliyeondoka akiongoza hakushindwa. Walioshindwa ni wapigaji, na lile benchi la warushaji wanaoingia baadaye. Ugonjwa wenu uko pale, ninyi mnakwenda kukata mguu mzima.

[Kicheko]

Sasa Milwaukee, maana ndiyo silaha nzito ya kaka na sitaki kuikwepa. Mwezi Februari 2024 Brewers, timu ya Milwaukee, walikuwa na mrushaji Corbin Burnes: ana Cy Young ya 2021, amebakiza msimu mmoja, wakala Boras. Ni Skubal mtupu. Walimpeleka Baltimore, wakapewa Joey Ortiz, DL Hall na nafasi ya ziada ya kuchagua kijana. Wapenzi wao walilia. Halafu? Milwaukee wakaongoza kundi lao mwaka huohuo, na mwaka 2025 wakashinda mechi 97, nyingi kuliko timu yoyote. Baltimore waliomchukua Burnes walifika mtoano, Burnes akarusha awamu nane akaruhusu mkimbio mmoja, na wakapoteza 1 kwa 0 kwa sababu hakuna aliyepiga. Mwisho wa mwaka akaenda Arizona kwa dola milioni 210, na Juni 2025 kiwiko chake kikapasuliwa. Ukitaka kesi ya kumuuza mrushaji nyota mapema, hakuna nzuri kuliko hiyo. Ningekuwa upande wa kaka ningesoma hiyo tu nikaketi.

Lakini fuateni Milwaukee hadi mwisho wa Oktoba 2025. Walikutana na Dodgers. Blake Snell akarusha awamu nane akaruhusu mpigaji mmoja tu afike beseni. Siku ya pili Yamamoto akarusha mechi nzima. Mechi ya nne Shohei Ohtani akawatoa kumi kwa straiki, na kama haitoshi akapiga mipira mitatu nje ya uwanja. Mechi nne, Brewers wakapata mikimbio minne. Mmoja kila siku, kama dozi. Timu iliyoshinda mechi nyingi kuliko zote iliondolewa na warushaji wanne. Halafu Dodgers wakaenda kuwashinda Toronto fainali kwa mechi saba, na Yamamoto huyohuyo akashinda tatu kati ya nne walizozihitaji. Alianza mechi ya sita, na kesho yake akarudi kuimalizia ya saba.

Kwa hiyo somo la Milwaukee ni kwamba unaweza kumwachia nyota na bado ukafika Oktoba. Hilo nimelikubali. Halikuahidi chochote kuhusu mnachofanya mkishafika.

Nije kwetu. Kuna timu chache zenye kumbukumbu nene ya jambo hili kama Detroit. Mwaka 1987, mwezi Agosti, Tigers walikuwa wanakimbizana na Toronto, wakamchukua Doyle Alexander kutoka Atlanta. Alexander alishinda mechi tisa bila kupoteza, Tigers wakaongoza kundi siku ya mwisho ya msimu, kisha Minnesota wakawatoa. Waliyemtoa kwa Atlanta alikuwa kijana wa miaka 20, mtoto wa hapahapa Michigan, amelelewa Lansing, jina lake John Smoltz. Yuko kwenye jumba la mashujaa wa besiboli tangu 2015. Wazee wa humu bado wakitajiwa jina hilo wanashika kichwa.

Kaka atadakia: haya, basi nasi tumpeleke Skubal tukapate Smoltz wetu! Ndugu yangu, Smoltz siku ile alikuwa ligi ndogo kule Glens Falls, ameshinda mechi nne na kupoteza kumi. Takwimu zake hazikumweka juu. Ukiuza nyota leo hupewi Smoltz. Unapewa yule ambaye timu nyingine, iliyomlisha na kumpima miaka mitatu, imekubali kuachana naye.

Mnataka ushahidi wa karibu? Tarehe 31 Agosti 2017, Tigers wakamwachia mrushaji nyota Justin Verlander. Houston walitoa Franklin Pérez, Daz Cameron na Jake Rogers, na wakati ule Pérez na Cameron walisifiwa sana. Pérez hakufika ligi kuu kabisa. Cameron alipita. Rogers alibaki, akawa mdakaji mzuri; mara nyingi ndiye aliyechuchumaa mbele ya Skubal. Verlander alikwenda Houston akatwaa Cy Young mbili nyingine na ubingwa mara mbili, ingawa ule wa 2017 una kelele zake za mapipa ya taka, yaliyopigwa kuwatonya wapigaji ishara zilizoibwa. Na kocha wa Houston mwaka ule alikuwa nani? A.J. Hinch, anayetufundisha sisi leo. Mwulizeni yeye mrushaji mmoja aliyeingia mlangoni usiku wa mwisho wa kubadilishana alibadilisha nini.

Hata hivyo silaumu biashara ya Verlander. Tigers wa 2017 walimaliza na ushindi 64 na vipigo 98. Timu hiyo haikuwa na Oktoba. Kumbakiza ilikuwa kuweka taji kwenye kabati.

Kesi inayofanana na yetu ni ya mrushaji Max Scherzer. Ana Cy Young ya 2013, Machi 2014 akaikataa ofa ya dola milioni 144, wakala Boras tena. Tigers wakambakiza mwaka wake wa mwisho. Akashinda mechi 18, timu ikaongoza kundi, Baltimore wakawafagia mechi tatu, Scherzer akaenda Washington kwa milioni 210. Fidia ya kumpoteza ilikuwa nafasi ya 34 ya kuchagua kijana, akachaguliwa Christin Stewart, ambaye hakudumu. Wengi mnaiita hasara. Mimi nauliza: Tigers walikufa wapi mwaka 2014? Mechi ya pili Baltimore, awamu ya nane, wanaongoza 6 kwa 3, warushaji wa akiba wanaingia, mabeseni yanajaa, Delmon Young anapiga, watatu wanarudi nyumbani, 7 kwa 6. Miaka kumi na moja kabla ya Seattle, jeraha ni lilelile. Kosa la mwaka ule lilikuwa kuwa na chumba chenye dhahabu na mlango wa makuti. Walimbakiza nyota, wakakosa wa kumalizia kazi yake wanaotegemeka.

Na hapo namgeukia mmiliki, Chris Ilitch, ingawa najua hasomi Kiswahili. Kumbakiza Skubal na kutulia ni kibaya kuliko kumuuza. Ukimweka mwaka wa mwisho, unaweka na fedha: warushaji wa awamu ya saba na ya nane, mpigaji wa maana, na mrushaji wa pili atakayeanza siku inayofuata. Klabu hii haijatwaa ubingwa tangu 1984. Baba yake, marehemu Mike Ilitch, alitumia fedha hadi majirani wakacheka, akafika fainali mbili, 2006 na 2012, na akaondoka bila kombe. Watu wa mji huu hawamkumbuki kwa ubahili.

Kiwiko? Ndiyo, kinaweza kukatika Aprili. Kimeshapasuliwa. Yaliyompata Burnes yanaweza kumpata yeyote, na siku hiyo nitakuwa sina la kusema. Lakini hatari hiyo wanunuzi nao wanaijua, wameshaikata kwenye bei wanayotoa Orlando. Ukiuza sasa unalipwa kana kwamba nusu ya kiwiko imeshaumia.

Nilisema napinga tarehe. Basi yangu ni hii: katikati ya Julai. Msimu uliopita Tigers waliwatangulia Cleveland kwa mechi 15 na nusu mwezi Julai, wakaupoteza uongozi huo wote. Kwa hiyo Desemba hakuna anayejua timu hii itakuwa nani, hata waliomo ndani. Mwaka 2024 ilikuwa kinyume: Julai walikata tamaa, wakampeleka mrushaji Jack Flaherty kwa Dodgers, wakapewa Trey Sweeney na Thayron Liranzo, halafu timu ikaamka na kuingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, Sweeney akicheza kila siku. Wakati ule minong'ono ya Skubal ilikuwepo pia. Scott Harris, mkuu wa wachezaji wa Tigers, hakumwachia. Angemwachia, kusingekuwa na Oktoba ile wala hii ya juzi.

Bei ya Julai ni ndogo kuliko ya Desemba, sibishi. Anayenunua katikati ya msimu anapata miezi miwili na ushei, na kwa kanuni za ligi hapati fidia ya kijana mchezaji akiondoka. Lakini si bure. Julai 2015 Tigers walimpeleka mrushaji David Price Toronto kwa miezi hiyo miwili tu, wakapewa warushaji watatu wa mkono wa kushoto. Matthew Boyd alidumu nasi miaka. Daniel Norris, yule kijana aliyekuwa akiishi kwenye gari lake aina ya Volkswagen, baadaye akabadilishwa na Reese Olson, aliyekuwa akianza mechi zetu mwaka huu. Julai ilitupa riziki ya miaka kumi.

Kwa hiyo ikifika tarehe 20 Julai, timu iko nyuma kwa mechi kumi, nitapanda jukwaa hilihili kumwomba Harris apokee anachopewa. Ikiwa iko mbele au inabanana, Skubal abaki hadi mpira wa mwisho, aende zake Novemba, na sisi tuchukue kile kinafasi cha fidia bila kunung'unika. Kabla ya hapo, simu ya Orlando ikilia, Harris aipokee, ajibu salamu, aulize hali ya familia, akate.

Nashukuru kwa kunisikiliza. Maswali yaanzie meza ile ya nyuma ya mashabiki wa Cleveland, naona wameshainua mikono kabla sijaketi.